NAMNA YA KUUJUA UMRI WA WAZEE WETU

Wazee wengi waliozaliwa vijijini mwa Kenya kabla ya mwaka 1963 hawana hati ya kuzaliwa. Sababu yake si uzembe wa wazazi wao. Usajili wa vizazi ulikuwapo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, lakini kwa Waafrika haukuwa jambo la lazima. Ulianza kulazimishwa katika sehemu chache mwaka 1963, ukaenezwa kidogo kidogo hata ukafika nchi nzima mwaka 1971. Mtoto aliyezaliwa kabla ya hapo aliandikwa katika kumbukumbu za jamaa na majirani, si katika daftari.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito, kwa kuwa mtu alihesabiwa kwa rika lake, na heshima yake ilikwenda na rika. Siku hizi lina uzito mkubwa. Mwaka 2018 serikali ilianza kuwapa wazee waliotimiza miaka 70 posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi, katika mpango wa Inua Jamii. Mzee ambaye kitambulisho chake kimempunguzia miaka kumi atangoja miaka kumi zaidi, na huenda asiwahi.

Makosa ya namna hii yalitokeaje? Wanaume waliandikishwa kwanza, wakati wa kipande, na aghalabu umri wao ulikadiriwa kwa macho. Wanawake waliachwa nje ya usajili wa vitambulisho mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Mama aliyekwisha kuzaa watoto kadhaa akasimama mbele ya meza kwa mara ya kwanza na kuulizwa mwaka wake. Alipokosa la kujibu, iliandikwa tarakimu ya kukisia tu, nayo ikadumu.

Hata hivyo, umri wa mzee waweza kutafutwa, na mara nyingi hupatikana kwa tofauti ya mwaka mmoja au miwili. Ziko njia tatu.

Njia ya kwanza ni rika. Kwa Wanandi yako marika saba: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Kila rika huchukua muda wa miaka kama 15, na baada ya muda wa miaka mia moja na kidogo jina hurudi tena. Wakikuyu nao waliyapa marika majina ya mambo yaliyotokea wakati wa kutahiriwa, kama vile rika la Ndege, lililopewa jina kwa sababu ya eropleni. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba rika huonyesha mwaka wa jando, wala si mwaka wa kuzaliwa. Ni lazima kupunguza miaka ambayo kijana alikuwa nayo alipoingia jandoni.

Njia ya pili ni jina. Otieno alizaliwa usiku, Wambua alizaliwa wakati wa mvua, na Kiprono alizaliwa mbuzi wakirudi nyumbani jioni. Jina la namna hii halitaji mwaka, ila lasaidia kujua saa au majira. Huko pwani, wazee wa Kiislamu wengine huhesabu kwa miaka ya mwandamo wa mwezi. Mwaka huo una siku 354 au 355, na kwa hiyo mtu mwenye miaka 100 kwa hesabu hiyo ana miaka 97 tu kwa kalenda ya ofisini.

Njia ya tatu, nayo ndiyo bora, ni kumbukumbu za utotoni. Haifai kumwuliza bibi, "Ulizaliwa mwaka gani?" Kama angaliujua, shida isingalikuwapo. Mwulize hivi: "Bibi, watu walipohamishwa, wewe ulikuwa ukifanya kazi gani nyumbani?" Kazi ya mtoto hutaja umri wake. Mtoto wa miaka mitano hulinda vifaranga wasinyakuliwe na mwewe. Wa miaka saba au minane huchunga mbuzi au kumbeba mdogo wake mgongoni. Wa miaka kumi na zaidi huachiwa ng'ombe, au hutumwa mtoni na mtungi. Meno nayo ni shahidi mzuri, kwa maana meno ya mbele ya utoto hung'oka mtoto akiwa na miaka sita au saba.

Kisha tafuta tukio ambalo mwaka wake wajulikana. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuhamishwa kwa Wakikuyu vijijini kulianza mwaka 1954. Mafuriko makubwa yalikuja mwishoni mwa mwaka 1961. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Huko kaskazini, jua lilipatwa na giza likaingia mchana tarehe 30 Juni 1973.

Tuchukue mfano. Bibi mmoja kitambulisho chake chasema 1957. Lakini yeye akumbuka kwamba walipohamia kijijini mwaka 1954 alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni, naye hana meno ya mbele. Basi alizaliwa kama mwaka 1947. Tujaribu hesabu hiyo kwa tukio la pili: siku ya Uhuru alikuwa msichana mkubwa wa kuposwa. Miaka 16 yalingana. Kwa kitambulisho chake angalikuwa mtoto wa miaka sita, na mwaka 1954 angalikuwa hajazaliwa. Kosa hilo lamfanya angoje posho mpaka mwaka 2027, ilhali alistahili tangu mpango ulipoanza.

Lakini tahadhari. Mtu hakumbuki karibu lolote la kabla ya miaka mitatu, na hadithi iliyosimuliwa mara nyingi nyumbani huweza kugeuka katika fikira ikawa kama jambo aliloliona mwenyewe. Kwa hiyo usitegemee tukio moja wala shahidi mmoja. Mwulize pia jirani wa rika lake, na uwapange ndugu zake kwa kufuatana. Tafuta cheti cha ubatizo au cha shule, hata kama ni cha mdogo wake. Ushahidi ukishakusanyika, uandikwe, upelekwe kwa chifu na kwa ofisi ya usajili kungali mapema.

Yafaa kazi hii ifanywe na wajukuu waliosoma, kwa upole na bila haraka, jioni mbili au tatu. Shahidi wa mwisho wa kuzaliwa kwa mzee huwa ni mzee mwenziwe, na akifa huyo, hakuna ofisi iwezayo kuurudisha ushahidi wake.