Utangulizi: Nani Alishika Blanketi?

Mgeni anayekwenda Sumbawanga kwa mara ya kwanza huonywa kabla hajapanda basi. Ataambiwa habari za radi za kutumwa na mambo mengine ya usiku. Jina la mji wenyewe linasema kinyume. Wenyeji hulieleza kwa Kifipa hivi: sumba ni kutupa, wanga ni uchawi. Kwa hiyo jina hilo ni amri kwa anayeingia: tupa uchawi wako. Watu waliokubali mji wao uitwe hivyo walijua kwamba hofu haiondoki kwa kunyamaziwa. Husemwa hadharani, kila mtu akasikia.

Somo ninalokukaribisha, ambalo vyuoni huitwa anthropolojia ya tiba, lina maswali mengi. Hapa nashika moja tu. Ugonjwa ukiingia nchini na hakuna ajuaye utamchukua nani, imani za watu huwafanyia kazi gani? Nasema kazi kwa makusudi. Kama imani fulani ni ya kweli au ya uongo ni swali lenye mahali pake, ila ukianza nalo utafunga daftari mapema.

Lugha yetu imekwisha kutusaidia. Neno wasiwasi limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono, kile kinachonong'onwa kifuani mwa mtu. Hofu ina sura: simba, moto, mafuriko. Wasiwasi una sauti tu, na sauti hiyo huongezeka pale habari za hakika zinapokosekana.

Ufipa, uwanda wa juu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa ambako mji wa Sumbawanga upo, umeisikia sauti hiyo mara nyingi. Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ndiyo Mbala ya leo nchini Zambia, jirani kabisa na Ufipa. Askari na wapagazi wake wakateremshwa hadi Bismarckburg, yaani Kasanga, wakavushwa kwa meli kwenda Kigoma. Homa ya mafua iliyokuwa ikiua watu dunia nzima ilisafiri katika njia hizo hizo za vita. James Ellison, aliyechunguza maafa hayo kusini-magharibi mwa Tanzania, ameonyesha jinsi mafua na njaa vilivyofungamana. Dawa ya kuua ugonjwa ule haikuwepo, si kwa mganga wala kwa daktari wa serikali, si Ufipa wala Ulaya.

Lakini mfano ninaotaka ukae nao zaidi hautokani na homa bali na hofu ya uchawi. Mwaka 1963 na 1964 vijiji vya Ufipa vilipitiwa na harakati iliyoitwa Kamcape. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza, alikuwa huko akifanya utafiti, na makala yake ya mwaka 1968 bado ni mlango mzuri wa kuingilia somo hili. Chimbuko la harakati hiyo ni Mchape wa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Msomaji wa Kiswahili asidhani ni kuchapa kwetu kwa fimbo: katika Kichewa, kuchapa ni kufua nguo. Wahusika waliahidi kukifua kijiji kizima, kiamke kimetakata, pasiwepo tena wa kumdhuru mwenzake.

Tazama walichokifanya. Hawakumtibu mgonjwa mmoja faraghani. Walikusanya kijiji chote, na kila mtu akapata kinga. Jambo lililokuwa likinong'onwa nyumba kwa nyumba likaletwa uwanjani mchana. Waliokuwa wakiogopana usiku wakapewa tarehe ya kuanza upya. Naamini nafuu waliyoipata ilikuwa ya kweli, hata kama dawa yenyewe isingepita maabara yoyote.

Na gharama yake ilikuwa ya kweli vilevile. Willis aliona kwamba vijana ndio walioshabikia harakati, na vidole vikaelekezwa kwa wazee. Miaka mingi kabla yake, Audrey Richards alizichunguza pembe zilizosalimishwa kama vifaa vya uchawi na Wabemba, wa Zambia ya leo, kwa wasaka wachawi kama hao, akakuta nyingi zilikuwa vihifadhio vya dawa za kawaida tu. Watu walisalimisha tiba za nyumbani kwao ili wasitajwe. Mkoa huu huu wa Rukwa, ulimo Ufipa, umeshuhudia watu wenye ualbino wakishambuliwa kwa sababu ya imani za ushirikina. Mtafiti anayesifu faraja ya mila bila kuuliza nani ameilipia, kazi yake haijakamilika.

Wakubwa wa fani walibishana kuhusu jambo hili mapema. Bronisław Malinowski aliwaona wavuvi wa visiwa vya Trobriand wakivua bila uganga kwenye maji tulivu, lakini wakienda bahari kuu, kwenye hatari, walifanya matambiko. Akasema uganga hutuliza wasiwasi. A. R. Radcliffe-Brown akamjibu mwaka 1939 kwamba mila yaweza pia kuuzaa wasiwasi huo huo. Ukiitazama Kamcape utaona wote wawili walikuwa sahihi, na katika kijiji kimoja.

Sasa njoo mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi. Shule zikafungwa, nyumba za ibada zikabaki wazi, na tarehe 17 hadi 19 Aprili taifa likafanya maombi ya siku tatu. Kuanzia Mei takwimu zikakoma kutolewa kwa zaidi ya mwaka. Panapokosekana hesabu, mnong'ono hutawala. Ndipo nyungu ikarudi kwa nguvu: majani ya mkaratusi au mchaichai, maji yanayochemka, blanketi juu ya kichwa. Katika eneo lenye Wakatoliki wengi kama Ufipa, ambako wamisionari wa White Fathers walianza kazi mwishoni mwa karne ya 19, rozari na nyungu viliweza kukaa chumba kimoja bila kugombana.

Mvuke hauui kirusi, na maji ya moto huunguza. Hilo lisemwe wazi, kama inavyopaswa kusemwa kwamba kutulia kupita kiasi kuliwafanya baadhi ya watu wachelewe kwenda hospitali, na wengine wasite hata chanjo ilipozinduliwa Julai 2021. Ila nyungu haipigwi na mtu peke yake. Kuna aliyechuma majani, aliyechochea moto, aliyeshika blanketi lisiteleze. John Janzen, alipoandika mwaka 1978 juu ya tiba huko Kongo, alieleza kwamba mgonjwa huzungukwa na ndugu wanaoamua na kumhangaikia pamoja naye. Kwa hukumu yangu, hapo ndipo imani hufanya kazi yake kubwa: inampa kila mtu nyumbani jambo la kufanya kwa mikono yake, wakati ambapo hakuna anayejua la kufanya.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, usiende Ufipa na dodoso linalouliza kama watu wanaamini. Kaa nao kwanza. Muulize aliyepona alijifukizia nini, halafu muulize nani alishika blanketi. Na kama kuna mtu aliyeogopwa hata hakuna aliyetaka kumshikia, mtafute huyo pia, umsikilize.