Sura ya Sita: Mgeni wa Jimbo Jingine

Wanafunzi wawili wamekaa kiti kwa kiti katika ukumbi wa mihadhara mjini Ann Arbor, Michigan. Mhadhiri ni mmoja, na mtihani utakuwa mmoja. Wa kushoto amekulia Detroit, mwendo wa karibu saa moja kwa gari. Wa kulia katoka Toledo, Ohio, ambako nako ni karibu saa moja. Kwa mwaka wa masomo wa 2024/25, wa Detroit alitozwa ada ya karibu dola 18,000. Wa Toledo alitozwa dola 60,000 na ushee. Kinachowatenganisha ni mpaka wa jimbo, mstari ambao dereva akiuvuka haoni hata kizuizi cha polisi.

Msomaji wa Kampala au Nairobi hatashangaa sana. Makerere ilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia katika miaka ya 1990, na Nairobi ilipofungua masomo sambamba mwishoni mwa muongo huohuo, watu walizoea kuona darasa moja lenye bei mbili. Huko kwetu, hata hivyo, aliyelipa zaidi ni yule ambaye alama zake hazikumpatia nafasi ya serikali. Katika chuo cha umma cha Marekani unaweza kuwa wa kwanza katika shule yako nzima na bado ukapewa bei ya juu, kwa sababu bei inafuata makazi ya wazazi wako.

Ili kuelewa sababu, ondoa kwanza dhana kwamba vyuo hivi ni vya serikali ya Marekani. Ni vya majimbo. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Morrill, iliyolipa kila jimbo ekari 30,000 za ardhi kwa kila mbunge na seneta wake, ili mapato ya ardhi hiyo yaanzishe au kukuza vyuo vya kilimo na ufundi. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kwa wenyeji asilia, na haifai kulipita jambo hilo kimyakimya. Vyuo kama Wisconsin, Illinois, Ohio State na Purdue vimekula matunda ya sheria ile. Tangu hapo majimbo yamevilea kwa kodi. Mzazi wa Detroit amekuwa akichangia Chuo Kikuu cha Michigan tangu kabla mtoto wake hajazaliwa. Mzazi wa Toledo amechangia vyuo vya Ohio. Mtoto wake akivuka mpaka, Michigan inamwona kama mgeni ambaye nyumbani kwao hawajawahi kuleta chochote, na inamtaka alipie gharama yenyewe, pengine na ziada.

Ziada hiyo ndiyo imemfanya mgeni awe mtu wa kutafutwa. Uchumi ulipoyumba mwaka 2008, mabunge mengi ya majimbo yalipunguza fedha za vyuo, navyo vikatuma maofisa wa udahili hadi majimbo ya mbali kutafuta wanaolipa bei kamili. Lakini mbunge wa jimbo ana wapigakura, na mpigakura ambaye mtoto wake amekosa nafasi haoni raha akisikia nafasi imekwenda kwa mtoto wa California. Ndiyo maana milango haifanani. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill kimeishi tangu miaka ya 1980 na kikomo cha asilimia 18 kwa wasio wakazi katika mwaka wa kwanza. Chuo Kikuu cha Texas, Austin, huwawekea Watexas nafasi tisa kati ya kila kumi za mwaka wa kwanza. Chuo Kikuu cha California kiliweka vikomo vyake mwaka 2017. Chuo Kikuu cha Alabama, kwa upande wake, kimefungua mlango wazi hata zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wakawa ni wa kutoka nje ya jimbo. Kwa hiyo ukisikia chuo fulani kinachukua nusu ya waombaji, uliza kwanza ni nusu ya waombaji gani.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo familia zinapoumia.

Mama mmoja wa Uvira, anayeishi Louisville, Kentucky, aliniwekea mezani barua mbili za mwanawe. Moja ilitoka chuo cha jimbo la jirani, karatasi nzito yenye nembo ya rangi. Nyingine ilitoka chuo cha mjini kwao. Akaigusa ile ya kwanza kwa kidole. "Mwalimu," akaniambia, "hawa ndio wanamupenda mutoto. Wamemupa dola elfu kumi na tano kila mwaka. Hawa wengine wamemupa tatu tu."

Nikachukua kalamu. Katika barua ya kwanza, ada na michango ilikuwa dola 38,000, bweni na chakula 14,000, jumla 52,000. Chini yake kulikuwa na kichwa kilichosema "Msaada Wako", na mistari minne. Udhamini wa ufaulu, 15,000. Ruzuku ya serikali kuu, 7,000. Mkopo wa mwanafunzi, 5,500. Mkopo wa mzazi, 24,500. Mwisho kabisa, kwa herufi nene: kiasi kilichobaki, sifuri.

Ile sifuri ndiyo iliyomfurahisha. Nilimwomba afunike kwa kiganja ile mistari miwili ya mikopo, kisha ajumlishe iliyobaki. Ilikuwa 22,000. Dola 30,000 za mwaka wa kwanza zilikuwa deni, na nyingi kati yake zilikuwa deni lake yeye, mama anayefanya kazi usiku. Mkopo wa mwanafunzi wa serikali kuu una kikomo: kwa anayetegemea wazazi, mwaka wa kwanza hauzidi dola 5,500. Kinachozidi hapo hutafutwa kwa mzazi au kwa benki.

Barua ya pili haikuwa na rangi. Ada 13,000, bweni na chakula 14,000. Ruzuku ya serikali kuu 7,000, ileile. Ruzuku ya jimbo 3,000. Udhamini wa chuo 3,000. Ada ilikuwa imekwisha, na kwa kuwa chuo kiko mjini, kijana angeweza kulala kitandani kwake. Mama alitazama karatasi zote mbili bila kusema kitu, kisha akauliza kwa nini ruzuku ya jimbo haikuwemo kwenye barua ya kwanza. Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa. Ruzuku ya serikali kuu husafiri na mtoto popote nchini. Ruzuku ya jimbo, kwa kawaida, hukoma mpakani.

Ndivyo ilivyo hata kwa ahadi kubwa zinazotangazwa kwenye vyombo vya habari. Michigan ina mpango wa kusamehe ada kwa familia zenye kipato cha chini, ulioanza mwaka 2018, lakini ni kwa wakazi wa Michigan. Wisconsin ina wake, nao ni kwa wakazi wa Wisconsin. Vipo vyuo vichache vinavyofanya tofauti: Chapel Hill na Chuo Kikuu cha Virginia hujitahidi kuziba pengo lote la uhitaji hata kwa Mmarekani au mkazi wa kudumu anayetoka jimbo jingine. Huko kuingia ni kugumu mno, lakini aliyeingia huenda akalipa kidogo kuliko nyumbani. Iko pia mikataba ya ujirani. Majimbo ya magharibi yana mpango wa kubadilishana wanafunzi ambapo mgeni halipi zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mwenyeji katika vyuo vilivyojiunga. Minnesota na Wisconsin zina makubaliano yao ya miaka mingi. Kusini lipo soko la pamoja la kozi: kama kozi yako haifundishwi jimboni kwenu, unaweza kuisoma kwa jirani kwa bei ya mwenyeji. Kabla ya kuomba popote, tafuta kama jimbo lako limo kwenye mkataba wowote wa aina hii. Ni kazi ya jioni moja.

Kuna njia nyingine ambayo kila jamaa aliyetangulia Marekani huipendekeza: "Tumia anwani ya shangazi yako." Haisaidii. Kwa kijana ambaye bado anategemea wazazi, kinachoangaliwa ni makazi ya wazazi, na shangazi huhesabiwa tu pale anapokuwa mlezi wake kisheria. Njia ya pili ni kuhamia, kulipa bei ya mgeni mwaka mmoja, kisha kudai uenyeji. Mahakama Kuu ya Marekani imeigusa hoja hii. Mwaka 1971, katika kesi iliyotoka Minnesota, ilikubali kwamba jimbo linaweza kudai mwaka mzima wa ukazi. Mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline, ilizuia Connecticut kumbandika mwanafunzi ugeni wa kudumu bila kumpa nafasi ya kuthibitisha kwamba amehamia kweli. Nafasi hiyo ipo, lakini mlango wake ni mwembamba: leseni ya udereva, kodi ya mapato, kazi, usajili wa gari, na juu ya yote ushahidi kwamba hukuja kwa ajili ya masomo tu. Majimbo mengi hayahesabu mwaka uliokaa darasani. Missouri inajulikana kwa kuwa na njia rahisi zaidi kwa anayefanya kazi na kubaki huko wakati wa likizo. Usipange maisha yako kwa kutegemea kwamba jimbo lako litakuwa kama Missouri.

Anayetoka moja kwa moja Mwanza, Mombasa au Bujumbura kwa viza ya mwanafunzi asitumaini hata hilo. Viza yenyewe ilitolewa kwa ahadi kwamba atarudi, kwa hiyo hawezi kudai kwamba amehamia. Atalipa kama mgeni miaka yote minne, na kabla ya chuo kumpa fomu ya I-20, ile ya kuombea viza, atapaswa kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza. Kazi anayoruhusiwa ndani ya chuo haizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Inalipia chakula na nauli, hailipii ada.

Je, basi hakuna sababu ya kuvuka mpaka? Ipo, na kwa baadhi ya watu ni kubwa. Mwaka 1985 mwandishi Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alimaliza uzamivu wake Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Kwa nini Madison, mji wa theluji kati ya maziwa mawili? Kwa sababu pale palikuwa na idara nzima ya lugha na fasihi za Kiafrika, kitu ambacho ni nadra kukipata. Vyuo vikubwa vya umma vina vitu vya namna hiyo: maabara, mikusanyo ya vitabu, mtu mmoja anayejua jambo moja kuliko wote. Ukubwa wenyewe si hoja. Uwanja wa mpira wa Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000, lakini hautakufundisha chochote.

Na ukubwa una gharama yake. Mwaka wa kwanza utakaa kwenye ukumbi wa watu mia tatu, na wa kukusahihishia kazi atakuwa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu. Msomi maarufu Ali Mazrui alifundisha Michigan kuanzia 1974 hadi 1991. Mtu angeweza kumaliza miaka minne hapo bila kuonana naye, kama hakujua mlango wa kubisha. Chuo kikubwa hakitakutafuta. Kwa hiyo anayevuka mpaka aweze kutaja, kwa jina, idara au maabara inayomvusha. Akitaja jina la chuo peke yake, mimi humshauri abaki.

Yule kijana wa Louisville aliweza kutaja. Alitaka uhandisi wa anga, na nyumbani hakukuwa nao. Ndiyo maana hatukuitupa barua ya kwanza. Tuliandikia ofisi ya misaada ya fedha maswali matatu: udhamini ni wa miaka mingapi, unahitaji wastani gani wa alama, na ada ikipanda nao unapanda? Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Miaka minne, wastani wa 3.5, kiasi hakibadiliki hata ada ikipanda. Kijana alilisoma kwa sauti, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya mama yake. Akanyamaza kidogo. Halafu akafungua kompyuta na kuanza kutafuta kama Kentucky imo kwenye lile soko la kozi la kusini.