Taa ya barazani: Angalia mambo haya 4 kabla hujanunua

Jua likizama, baraza linageuka sebule ya pili. Watoto wanamalizia kazi za shule, wakubwa wanapiga stori, wengine wanakula hapo hapo. Ila taa ikichaguliwa vibaya, wadudu wanavamia, Luku inakimbia, na mvua ikipiga kuna hatari ya shoti.

1. Rangi ya mwanga

Kwenye boksi la balbu kuna namba inayoishia na herufi K. Balbu ya 2700K hadi 3000K inatoa mwanga wa njano uliotulia. Ya 6500K ni nyeupe inayoelekea bluu, na ndiyo inayovuta zaidi wadudu wengi wa usiku. Kwa barazani, chukua ya njano.

Mbu ni habari nyingine. Yeye anamfuata mtu kwa harufu na hewa anayotoa, kwa hiyo kubadilisha balbu si sababu ya kuacha chandarua.

2. Wati

Balbu ya LED ya wati 9 inakaribia mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60. Zikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30, ya zamani inakula uniti 9. Ya LED haifiki hata uniti moja na nusu.

Nyumbani kwenu watu wanasahau kuzima? Kuna taa zenye sensa, zinawaka mtu akipita tu.

3. Maji na chumvi

Tafuta herufi IP kwenye taa. Tarakimu ya kwanza baada yake inahusu vumbi, ya pili maji. Baraza lenye paa pana, IP44 inatosha kuhimili matone yanayorukia. Ukuta unaopigwa na mvua moja kwa moja unataka IP65.

Kwa wakazi wa Dar, Tanga na Zanzibar, hewa ya chumvi inakula chuma haraka. Plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu kitadumu zaidi.

4. Mahali pa kuifunga

Usiiweke juu kabisa ya mlango. Wadudu watakusanyika pale, na mlango ukifunguliwa wanaingia nao ndani. Isogeze pembeni na ielekeze chini, isiwamulike watu machoni. Taa mbili ndogo ukutani mara nyingi zinafaa kuliko moja kali katikati.

Usijifungie mwenyewe

Nyaya za nje zilizounganishwa kwa tepu tu zinaingiza maji, na ukuta uliolowa unaweza kupitisha umeme. Tanzania, mafundi umeme hupewa leseni na EWURA. Kabla hujampa kazi, mwombe akuonyeshe leseni yake, kisha hakikisha anazima umeme kwenye swichi kubwa kabla ya kugusa waya wowote.