Binti wa Mara na Kipimo cha Wenzake

Miaka ambayo koo za Wakurya huitisha msimu wa tohara, Desemba shule zikifungwa, njia za vijiji vya Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hujaa nyimbo. Msichana aliyetoka kukeketwa hurudishwa nyumbani amefunikwa khanga, akina mama wakimpigia vigelegele, ndugu wakimtuza fedha. Mwenzake wa darasa moja husimama kando akitazama. Kesho yake, wakienda kuchota maji, ataitwa omosagane, msichana asiyetahiriwa, na kuchekwa.

Wengi hudhani ukeketaji unaendelezwa na wazee wa mila na ngariba tu. Lakini wapo wasichana wanaoomba kukeketwa kwa hiari yao, wakiogopa kuachwa nyuma na wenzao. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba mtu akitaka kujua alipo, hujipima na wanaofanana naye. Binti wa Mugumu, mji wa Serengeti, hajilinganishi na msanii wa Dar es Salaam. Hujilinganisha na rika lake.

Ndiyo maana sheria peke yake haijatosha. Tangu 1998, anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 10.

Mkristo hana haja ya kutafuta jibu mbali. Waraka kwa Wagalatia ulipelekwa kwa waumini waliokuwa wakisumbuliwa na suala la tohara. Ilikuwa tohara ya wanaume, lakini shinikizo lilikuwa lile lile: waliambiwa hawajakamilika mpaka wafanane na wenzao. Katika sura ya 6, Paulo anasema waliowashinikiza walitaka kujisifia miili ya watu wengine. Katika sura hiyo hiyo anamtaka kila mtu aipime kazi yake mwenyewe, asijilinganishe na mwingine, na anasisitiza kuwa kinachohesabika ni kufanywa kiumbe kipya.

Lakini ujumbe huo hautamfaa binti akirudi peke yake kwa wanaomcheka. Anahitaji rika jingine.

Huko Masanga, Tarime, kituo kinacholelewa na Kanisa Katoliki huwapokea wasichana msimu unapowadia. Hufundishwa haki zao, afya ya mwili na mila njema za Wakurya zisizohitaji kisu, kisha hufanyiwa sherehe. Mugumu nako, Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua nyumba salama mwaka 2014. Aliyeiongoza, Rhobi Samwelly, alikeketwa akiwa msichana na nusura afe kwa kutokwa damu. Mwaka 2017 akaanzisha shirika la Hope for Girls and Women Tanzania. Katika nyumba hizo asiyekeketwa si kichekesho. Husoma, hujifunza kushona, na hupata marafiki waliokataa kama yeye.

Hapa kanisa lina jambo la kuchunga. Aliyekwisha kukeketwa asidharauliwe wala kunyooshewa kidole, maana huko ni kuanzisha mashindano mengine yale yale. Naye ni binti wa Mungu, na neema inamhusu sawasawa na mwenzake.

Wachungaji na mapadri wa Tarime na Serengeti wasisubiri ngoma zianze kulia, wafundishe mapema. Na kila baba amwite bintiye mbele ya ndugu, kabla shule hazijafungwa, atamke kwamba hatakeketwa na kwamba anajivunia kuwa naye hivyo alivyo.