Sh 780,000 za kanisa Kigoma zinamfikia nani?

Shule ya msingi haina ada tangu 2002, na kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, elimu hadi kidato cha nne ilitolewa bila ada wala michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Kwa hiyo mzee wa kanisa wa Ujiji anayeuliza kwa nini watoto watengewe fedha za shule katika sadaka, ilhali serikali inalipa, ana hoja. Serikali inalipa kweli. Tuanze na kiasi.

Ruzuku ya uendeshaji ni fedha zinazotolewa kwa kila mwanafunzi, mbali na mishahara ya walimu. Kwa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka: Sh 4,000 hubaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu, Sh 6,000 hupelekwa shuleni. Mwaka wa masomo una siku 194, hivyo shule hupata Sh 31 kwa mtoto kwa siku. Darasa la watoto 45, idadi inayokubalika rasmi, hupata Sh 270,000 kwa mwaka mzima.

Ruzuku hiyo ilipangwa chini ya MMEM, mpango wa elimu ya msingi ulioanza 2002, kwa msingi wa dola 10 kwa mtoto. Dola ilikuwa chini kidogo ya Sh 1,000. Tukiihesabu dola moja kwa Sh 2,500, Sh 10,000 ileile ni dola 4. Sare, madaftari na chakula vimeachiwa mzazi.

Sasa kanisa. Tuchukue mfano wa kufikirika: washirika 150 watu wazima, kila mmoja anatoa Sh 1,000 kila Jumapili, na watoto 100 walio shule ya msingi. Kwa Jumapili 52 sadaka ni Sh 7,800,000. Zikitengwa asilimia 10, fungu ni Sh 780,000. Ruzuku inayofika shuleni kwa watoto haohao 100 ni Sh 600,000. Kanisa dogo la namna hii linaweza kuipita ruzuku hiyo, ingawa mishahara ya walimu, ambayo ndiyo gharama kubwa, haimo katika ulinganisho huu.

Lakini fungu hilo halitoshi kwa wote. Tukikadiria sare, viatu, begi na madaftari kwa Sh 50,000, watoto 100 wanahitaji Sh 5,000,000, yaani asilimia 64 ya sadaka yote. Sh 780,000 zinawatosha watoto 15. Wengine 85 hawapati kitu, na kamati italazimika kusema ni kwa nini.

Njia ya pili inapita katika huduma kwa washirika, yaani fungu la wagonjwa, wajane na misiba, ambalo vitabu vya hesabu hulitenga na la watoto. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii iliyoanza kusambazwa 2018 na 2019, iliweka mchango wa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo hapa ni Maweni. Kwa kiwango hicho, Sh 780,000 zinalipia kaya 26. Sensa ya 2012 ilikuta wastani wa watu 5.7 kwa kaya mkoani Kigoma, kwa hiyo ni watu wapatao 148. Kwa mtoto mmoja peke yake, Toto Afya Kadi, bima ya watoto, ilikuwa Sh 50,400.

Watu 148 dhidi ya watoto 15: tofauti inavutia, lakini isisomwe haraka. Kadi ya bima hainunui daftari. Wastani wa 5.7 pia unaficha kaya za watu wanane na tisa, ambamo mtu wa saba hayumo kwenye kadi. Na mchango ukipanda mara tano, hadi Sh 150,000, fungu lilelile litalipia kaya tano tu; Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, kwa hiyo kiwango cha zamani kisichukuliwe kuwa cha kudumu. Hata hivyo, kwa Sh 30,000, ningeanza na bima. Mama anayelazwa bila bima hulipiwa kwa fedha zilezile za madaftari, na mtoto mkubwa hubaki nyumbani kulea wadogo.

Upo pia ufadhili wa mbali. Shirika la Compassion International, linalofanya kazi na makanisa ya Tanzania tangu 1999, kwa miaka mingi liliomba dola 38 kwa mwezi kutoka kwa mfadhili wa Marekani. Kwa mwaka ni dola 456, sawa na Sh 1,140,000 kwa mtoto mmoja, kabla ya kutoa gharama za uendeshaji. Hizo zinazidi fungu zima la kanisa letu la mfano. Ila zinamfuata mtoto aliyeandikishwa. Ndugu yake anayelala naye kitanda kimoja hana mfadhili.

Dhana dhaifu kuliko zote katika hesabu hizi ni ile ya Jumapili 52 zinazofanana. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa kanisa la Kibirizi au Katonga, ambako dagaa na migebuka ndiyo mshahara, hizo ni Jumapili 13. Sadaka ikishuka nusu, zinapotea Sh 975,000, na asilimia 10 inabaki Sh 682,500: kaya 22 badala ya 26. Kamati inayosubiri Juni ndipo ilipie kadi itakuwa inakusanya fedha wakati mitumbwi iko nchi kavu. Sadaka ya Januari hadi Aprili, Jumapili 17, ingekuwa Sh 2,550,000. Kulipia kaya zote 26 kabla ya Mei kungechukua asilimia 31 ya fedha hizo, badala ya 10.