Ukienda kutazama ndege Kakamega, mkumbuke mbu

Likizo zinapokaribia, si wakazi wote wa Nairobi wanaoelekea Mombasa. Wapo wanaokodi kijumba kando ya msitu, wakavaa darubini shingoni na kushinda siku mbili tatu wakitazama ndege. Baadhi yao huenda Msitu wa Kakamega, na si bure. Huo ni kipande kilichosalia, upande wa mashariki kabisa, cha msitu wa mvua ulioenea zamani kutoka Afrika ya kati, na una zaidi ya aina 300 za ndege. Humo utamwona shorobo mkubwa wa samawati mwenye kishungi kichwani, na hondohondo ambao utasikia mvumo wa mbawa zao kabla hujawaona. Vijumba vya wageni vipo Buyangu, upande wa kaskazini, na Isecheno, kusini.

Mimi huwahimiza wagonjwa wangu waende safari za namna hii. Mtu anayeketi ofisini mwaka mzima hutembea, hulala mapema na kupumzika na moshi wa matatu. Lakini kuna jambo moja ambalo ni lazima msomaji alijue kabla ya kufunga mizigo: saa nzuri za kutazama ndege ndizo saa za mbu.

Mbu anayeeneza malaria ni jike wa jamii ya anofelesi, naye hutafuta damu kuanzia jua linapotua hadi alfajiri. Mtazamaji ndege naye hutoka kijumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ndege hawajanyamaza, na jioni huketi barazani akimsubiri bundi. Mchana, wakati mbu huyo amepumzika, ndipo mgeni wetu naye hulala. Tena Kakamega imo katika ukanda wa Ziwa Viktoria, ambako malaria huambukizwa mwaka mzima, na huzidi baada ya mvua za masika.

Hapa ndipo ninapobishana na wagonjwa. "Daktari, mimi nilizaliwa Shinyalu, mbu wa huko wananijua." Ni kweli kwamba mtu aliyekulia sehemu yenye malaria hujijengea kinga fulani, ila kinga hiyo haikamiliki kamwe na hudumu kwa kuumwa mara kwa mara. Ukikaa Nairobi miaka kadhaa, hufifia. Watoto wako waliozaliwa Umoja au Lang'ata hawana kabisa. Kwa malaria, wao ni wageni sawa na mtalii aliyeshuka jana kutoka Uingereza. Ile chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019 ni ya watoto wadogo wanaoishi huko. Haikukusudiwa mgeni wa wikendi.

Basi ufanye nini? Uliza mapema kama vitanda vina neti, na kama huna hakika beba yako iliyotiwa dawa. Ichomeke chini ya godoro kabla giza halijaingia. Ukitoka alfajiri au kuketi nje jioni, vaa suruali ndefu, soksi na shati la mikono mirefu. Sehemu zilizo wazi zipake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 50, na ukitumia pia mafuta ya kukinga jua, hayo ndiyo yatangulie. Nguo hizo ndefu zitakufaa pia dhidi ya upupu na siafu, ambao hawajali saa.

Asiye na kinga anaweza kumeza tembe za kuzuia malaria, lakini asijinunulie tu dukani. Doksisaiklini, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea wiki nne baada ya kurudi, na haifai kwa mjamzito wala mtoto mdogo. Mwone daktari akuchagulie. Mama mjamzito ningemshauri aiahirishe safari hadi atakapojifungua, kwani malaria humdhuru yeye na mtoto aliye tumboni.

Hatari kubwa zaidi huja ukiwa umekwisha kurudi nyumbani. Vijidudu vya malaria hukaa mwilini kwa kawaida wiki moja hadi mbili kabla ya homa kuanza, na wakati mwingine zaidi. Kufikia hapo umeshasahau ndege. Unaumwa kichwa na viungo, unatetemeka, unasema ni mafua ya Nairobi. Wengine hukimbilia kipimo cha Widal, wakaambiwa wana homa ya matumbo (kipimo hicho hakiaminiki hata kidogo) na kupoteza siku tatu wakimeza dawa zisizohusika. Siku tatu ni nyingi mno. Kwa mtoto asiye na kinga, malaria inaweza kufika ubongoni kwa siku moja au mbili.

Kwa hiyo homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari, nenda upimwe damu siku hiyo hiyo, na useme mwenyewe, "Nilikuwa Kakamega," kwa sababu daktari wa Nairobi huenda asiulize. Kipimo kikikosa kuonyesha kitu na homa ikaendelea, rudi upimwe tena. Mgonjwa akichanganyikiwa, akishikwa na degedege, akitapika kila kitu au akikojoa mkojo mweusi, mpeleke hospitali yenye kulaza, hata kama ni usiku wa manane.

Ukipatikana na malaria isiyo kali, aghalabu utapewa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, mara sita kwa siku tatu. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo haiingii vyema mwilini. Ukitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia kipimo hicho, na umwambie aliyekupa dawa ili akuongezee tembe zisikupungukie siku ya tatu.