Divai ya Mizabibu Mikongwe

Msomaji wetu mmoja wa Kahama, mkoani Shinyanga, ambaye ni mhudumu katika hoteli inayopokea wageni wa migodini, ametuletea swali linaloonekana dogo. Alimpelekea mteja chupa ya divai nyeupe kutoka Afrika Kusini. Alipoulizwa maana ya maneno ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye lebo, alijibu kwamba hiyo ni "divai kongwe". Mteja akaikubali bei, ambayo haikuwa ndogo. Alipoigeuza chupa akaona kwamba mwaka wa mavuno ni wa juzijuzi tu, akadhani ametapeliwa, akakataa kulipa. Bei ya chupa ile ilikatwa katika mshahara wa mhudumu. Sasa anatuuliza: alikosea wapi?

Alikosea katika upatanisho wa kisarufi. Kilichozeeka si divai, bali ni mti. Lebo ilisema kwamba zabibu zilichumwa katika mizabibu mikongwe. Divai yenyewe ilikuwa changa, na haikudai vinginevyo. Kiswahili kinao uwezo wa kuzitenga maana hizi mbili pasipo kuongeza hata neno moja la kigeni: "divai kongwe" ni ile iliyowekwa miaka mingi, na "divai ya mizabibu mikongwe" ni ile iliyotoka katika miti ya miaka mingi. Silabi ile ya "mi-" ndiyo iliyomgharimu mwenzetu mshahara.

Yafaa tueleze kwa nini umri wa mti uandikwe kwenye chupa. Mzabibu ukizeeka huzaa kidogo. Mizizi yake huwa imekwenda chini sana, nayo huustahimilisha ukame kuliko mche mchanga. Watengenezaji wengi husema kwamba zabibu hizo chache huwa na ladha nzito zaidi. Mkulima anayetazama wingi wa mavuno tu huing'oa miti hiyo, na ndiyo maana iliyosalia ina thamani. Huko Afrika Kusini, tangu mwaka 2018, chupa za divai ya mizabibu iliyotimiza miaka 35 au zaidi zaweza kubandikwa alama maalumu inayoonyesha mwaka miti ilipopandwa. Nyingi za divai hizo ni za zabibu za Chenin Blanc, ambazo asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa.

Je, kwa nini "mikongwe" na si neno jingine? Tulifikiria "mikuukuu", lakini kikuukuu ni kitu kilichochakaa: nguo, kiatu, gari. Hapana anayelipa zaidi kwa ajili ya ukuukuu. "Ya kale" huturudisha enzi za mababu, na "ya zamani" yaweza kumaanisha mizabibu iliyokuwapo na sasa haipo. "Mkongwe" lina uzito wa umri pamoja na heshima. Twasema mwandishi mkongwe, mwanasiasa mkongwe, na hatukusudii kuwatukana.

Swali la pili la mhudumu ni gumu zaidi. Lebo ilikuwa na neno la Kiingereza ambalo kwetu limezoeleka tangu enzi za mkonge, nasi hulitafsiri kwa "shamba" au "shamba kubwa". Katika divai tafsiri hiyo haitoshi. Neno hilo, likitumiwa kwa maana yake kamili, ladai kwamba zabibu zilikuzwa, zikakamuliwa, zikageuzwa divai na kutiwa chupani mahali pamoja chini ya mwenye mali mmoja. Tuangalie Dodoma, ambako Chenin Blanc hiyo hiyo hulimwa pamoja na zabibu nyekundu iliyopewa jina la Makutupora. Huko, wakulima wengi wana vipande vidogo vya ardhi, nao huuza zabibu mbichi kwa wenye viwanda. Zabibu haingoji: isiponunuliwa kwa wakati huoza, na mkulima hupokea bei anayopewa. Kwa hiyo tukiandika "divai ya shamba" juu ya kila chupa, tutakuwa tumewaficha watu wawili, mkulima na mwenye kiwanda, ndani ya neno moja. Twapendekeza "divai ya shamba moja" kwa ile iliyokamilishwa hapo hapo ilipolimwa, na "divai ya kiwandani" kwa ile ya zabibu zilizonunuliwa.

Huenda mtu akasema istilahi hizi ni za kawaida mno. Sisi twaona hiyo ndiyo sifa yake. Wachimbaji wadogo wa Geita hawakungoja kamati. Mashine ya kusagia mawe wameiita karasha, kwa kutohoa. Mchanga uliokwisha kuoshwa na kurudiwa tena wameuita marudio, kwa kunyambua kitenzi. Na mahali pa kuoshea wamepaita mwalo, neno ambalo kwa wavuvi wa Ziwa Viktoria ni pale mitumbwi inaposhushia samaki. Kadhalika Wasukuma wa Shinyanga wametupa "ngitili", yaani malisho yaliyotengwa ili yapumzike, nalo limeingia katika maandishi ya misitu kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986.

Kuhusu "nyeupe" hatuna ugomvi, ijapokuwa divai hiyo ina rangi ya majani makavu. Pamba nayo huitwa dhahabu nyeupe.

Bali "mwaka wa mavuno" unatutatiza. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, hivyo chupa ingepaswa kutaja pia msimu. Na mzabibu wa huko wenye miaka 20 umevunwa takriban mara 40. Je, tuuhesabu kuwa mkongwe kwa kipimo cha nchi zinazovuna mara moja?

Limebaki neno "kavu", ambalo wahudumu hulitumia kwa divai ambayo sukari yake yote imekwisha kugeuka kileo wakati wa kuchachuka. Mteja asiyelizoea hucheka, kwani kinywaji kikavu hajapata kukiona. "Kali" halifai, maana litafahamika kuwa ni wingi wa kileo. Kwa sasa twaandika "divai isiyo tamu", na wasomaji walio Kahama, Geita na Dodoma watuarifu wateja wao huiitaje.